Katama Mkangi: Mcheza Kwao Asiyetuzwa

Majuma machache yaliyopita nilialikwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani, nikazungumze na wanafunzi wake katika shule moja ya upili huku Kisauni. Mimi ni mstaafu, na mstaafu akialikwa haulizi atalipwa nini. Nilijitia kanzu, nikachukua nakala yangu ya *Walenisi*, nikaenda. Mazungumzo yalikuwa juu ya riwaya ya Kiswahili nchini Kenya. Nilipofika kwa mwandishi wa kitabu nilichokishika, msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono akauliza kwa heshima zote: “Mwalimu, samahani, huyu Mkangi alikuwa Mtanzania?”

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonichoma, kwani darasa lisipocheka huwa ni dalili kwamba wote walikuwa na swali lilo hilo.

Nilimjibu: “La, binti yangu. Katama Mkangi ni mtu wa Ribe.”

Kimya kilipita, kisha kijana aliyeketi nyuma karibu na dirisha akasema, nusu akiuliza nusu akijisemea, “Ribe hii yetu?”

Naam, Ribe hii yetu. Ukiabiri matatu ya Kaloleni pale Changamwe, ukapita Miritini na Mazeras na Rabai, utafika karibu na Ribe kabla ya saa moja kutimia, iwapo malori ya bandarini hayakuziba njia. Ni mahali padogo penye historia kubwa. Wamishenari wa Kimethodisti waliweka kituo chao huko mwaka 1862, na msitu wa Kaya Ribe ni mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Huko ndiko alikozaliwa George Katama Mkangi mwaka 1944. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu alicheza kwao, tena akacheza vyema, na watoto wa kwao wanamdhania kuwa mgeni.

Sikusudii kuwalaumu wanafunzi. Lawama ni zetu sisi walimu, tuliowafundisha kuichambua riwaya kama fundi anavyoichambua injini: maudhui hapa, wahusika pale, tamathali za usemi kando, kisha mtihani. Mwandishi mwenyewe tulimwacha kwenye jalada. Na katika lawama hiyo mimi nina fungu langu la pekee, nitakalolieleza baadaye kidogo.

Mkangi hakuwa mtaalamu wa fasihi. Hili huwashangaza wengi. Taaluma yake ilikuwa elimujamii, aliyoisomea hadi kupata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na aliyoifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Utafiti wake aliufanya miongoni mwa Wataita, watu wa milimani ambao sisi wa Pwani tunawajua kwa majirani, na mwaka 1983 ukachapishwa kuwa kitabu cha Kiingereza. Ndani yake alihoji imani iliyoshika kasi zamani zile, kwamba maskini akipewa hatimiliki ya kipande chake cha ardhi na kushauriwa azae watoto wachache, basi umaskini utamtoka. Mkangi aliuliza ni nani anayelipa gharama ya mageuzi hayo. Ni swali ambalo mtu wa Likoni hahitaji kwenda chuo kikuu ili alielewe. Wapo wakazi wa huko walioishi miaka na miaka wakiitwa maskwota juu ya ardhi waliyozaliwa, wakangoja hadi mwaka 2016 kupewa hati.

Naitaja kazi hiyo ya kitaalamu kwa sababu ndiyo ufunguo wa riwaya zake. Mtu huyu aliiandika jamii mara mbili: mara moja kwa Kiingereza, kwa takwimu na majedwali, ili isomwe na wasomi wenziwe; na mara ya pili kwa Kiswahili, kwa visa na wahusika, ili isomwe na wale ambao takwimu zilikuwa zikiwahusu. Riwaya yake ya kwanza, *Ukiwa*, ilitoka mwaka 1975. Ni kisa cha mapenzi, na sisi tuliokuwa shuleni miaka ile tuliisoma kwa tamaa ambayo walimu wetu hawakuijua. Ya pili, *Mafuta*, ilitoka mwaka 1984, na hapo mambo yakabadilika. Huyu si yule wa mapenzi tena. *Mafuta* ni riwaya ya kisiasa, ya mafumbo yasiyofumbika sana, juu ya wachache wanaonenepa kwa jasho la walio wengi.

Mwaka 1984, ndugu msomaji, haukuwa mwaka wa kuandika mambo kama hayo. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Vyuo vikuu vilikuwa vikitazamwa kama vichaka vyenye nyoka. Mwalimu aliyetumia neno “unyonyaji” darasani aliangalia kwanza kama mlango umefungwa. Kisha ukaja mwaka 1986 na msako wa Mwakenya, harakati ya siri iliyodaiwa kutaka kuiangusha serikali. Wahadhiri, wanafunzi, waandishi wa habari na wakulima walikamatwa, baadhi wakapitia vyumba vya chini ya jumba la Nyayo jijini Nairobi, ambavyo mateso yake yamekwisha kuelezwa na waliotoka humo wakiwa hai. Wengine walifikishwa mahakamani na kufungwa. Wengine hawakufikishwa popote. Waliwekwa kizuizini kwa amri iliyotiwa sahihi, pasi na shtaka wala hakimu, na pasi na tarehe ya kutoka. Katama Mkangi alikuwa mmoja wao. Alizuiliwa mwaka 1986, akaachiliwa mwaka 1988.

Sisemi kwamba alizuiliwa kwa ajili ya riwaya. Asiyeshtakiwa hana hati ya mashtaka ya kusomwa, na hilo ndilo ovu la kizuizi: hata baadaye mtu hawezi kusema kwa yakini alikosa nini. Nasema tu kwamba jina lile lililokuwa kwenye jalada la kitabu chetu lilihamia ghafula kwenye orodha nyingine.

Hapa ndipo inapoingia hadithi yangu.

Nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha Changamwe, nimepanga chumba na sebule karibu na reli. *Mafuta* niliinunua kwa mshahara wangu, na nilikuwa nimeandika jina langu ukurasa wa kwanza kwa kalamu ya wino, kwa maringo ya mtu anayeanza kujiwekea maktaba. Pambizoni niliandika maoni yangu, mengine ya kitoto, mengine ya ukali. Habari za kukamatwa kwa mwandishi zilinifikia kwa mnong’ono katika chumba cha walimu. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa na umri wa kunizaa, aliniuliza kwa sauti ya chini: “Kile kitabu ulichokuwa ukisoma kwenye zamu, bado unacho?” Nikamwambia ninacho. Hakuongeza neno. Alifunga mkoba wake akaenda zake.

Jioni ile mke wangu alikuwa akiwasha jiko la makaa ili abandike maharagwe. Nilikichukua kile kitabu nikachuchumaa kando yake. Nilianza na jalada, kwa kuwa ndilo lililobeba jina la mwandishi. Kisha ukurasa ulioandikwa jina langu. Kisha nikaendelea karatasi baada ya karatasi hadi kilipokwisha. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakuniuliza kitu. Alipepea.

Hakuna mtu aliyeniagiza kufanya hivyo. Hakuna askari aliyebisha hodi, si usiku ule wala usiku mwingine wowote. Hakuna mkaguzi wa shule aliyekuja kupekua rafu. Nilikuwa Changamwe, maili mia tatu kutoka Nairobi, mwalimu asiyejulikana wa kidato cha pili, na kazi ambayo dola ingeweza kuifanya niliifanya mimi mwenyewe kwa kiberiti changu. Mwaka huo na uliofuata niliendelea kufundisha fasihi. Nilifundisha tashbihi na takriri. Mkangi sikumtaja.

Kisa hiki sikupata kukisimulia mbele ya watu hadi siku ile ya Kisauni, na hata pale nilikisimulia nusu.

Lililonipa ujasiri ni kusoma, katika uzee huu, habari za mwandishi mmoja wa mbali sana nasi. Aliitwa Abdulla Qodiriy, mtu wa Tashkent, Uzbekistani, aliyezaliwa mwaka 1894. Ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa riwaya ya Kiuzbeki, kwa kitabu alichokiandika katika miaka ya 1920 juu ya siku zilizopita za watu wake. Kabla yake lugha ile ilikuwa na mashairi ya karne nyingi, kama yetu, lakini haikuwa na riwaya. Polisi wa Stalin walimkamata siku ya mwisho ya mwaka 1937. Mnamo tarehe 4 Oktoba 1938 alipigwa risasi, pamoja na waandishi wenzake, akiwemo mshairi Cho‘lpon. Vitabu vyake vilipigwa marufuku, na jina lake halikusafishwa hadi mwaka 1956. Nilipokuwa nikiyasoma hayo sikuwaza juu ya Stalin. Niliwaza juu ya mwalimu fulani katika mji fulani wa Uzbekistani, mwenye nakala yenye jina lake ukurasa wa kwanza, na jiko.

Haifai kuyalinganisha mambo haya kwa pupa. Mkangi alitoka kizuizini akiwa hai. Lakini Pwani yetu, kwa eneo lake dogo, imetoa waandishi wengi wa Kiswahili waliolala nyuma ya milango ya chuma. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu mwaka 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi, na mashairi aliyoyatunga gerezani ndiyo *Sauti ya Dhiki*. Alamin Mazrui, naye mwana wa Mombasa, alizuiliwa mwaka 1982 baada ya tamthilia yake *Kilio cha Haki*, na mashairi ya kizuizini akayakusanya katika *Chembe cha Moyo*. Na dunia nzima inajua kwamba Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyekamatwa Desemba 1977, aliandika riwaya ya Kikikuyu gerezani Kamiti juu ya karatasi za msalani. Katika orodha hiyo Mkangi ndiye anayetajwa mara chache zaidi, nami nadhani naijua sababu. Hakutoka na diwani ya gerezani, kitabu ambacho wahakiki wangekiita ushahidi. Alitoka, akanyamaza miaka saba, kisha akaandika juu ya sayari nyingine.

*Walenisi* ilichapishwa mwaka 1995. Msingi wake ni huu: katika nchi ya udhalimu, mtu mmoja aitwaye Dzombo amehukumiwa kufa. Hatundikwi kitanzini. Anatiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, na chombo hicho ndicho kitakachokuwa kaburi lake, kama kilivyokuwa kwa waliomtangulia. Dzombo anajikuta peke yake mbele ya mitambo asiyoijua. Kwa kubahatisha, kwa akili na kwa ukaidi wa kutotaka kufa, anaitawala, na badala ya kuangamia anafika katika sayari iitwayo Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa, hakuna bwana wala mtwana, wala cheo kinachomfanya mtu ampite mwenziwe.

Wahakiki wameandika mengi juu ya sayari hiyo. Wengine huiita riwaya ya kisayansi, na huiweka karibu na majaribio ya Kezilahabi katika *Nagona* na *Mzingile*. Yawezekana. Mimi siku zote hurudi kwenye kile chombo. Mtu amefungiwa ndani peke yake, haoni jua likichwa wala likichomoza, ameambiwa kwamba hatoki, na kitu pekee alichobakiwa nacho ni fikira zake. Msomaji asiyejua maisha ya Mkangi huziona kurasa hizo kama njozi za mwandishi mwenye ubunifu. Anayejua kwamba mwandishi alikaa kizuizini bila kuambiwa atatoka lini huzisoma polepole.

Niseme kweli, maana mwalimu anayesifu kila kitu haaminiki. Wakishafika Walenisi, mambo hupooza. Wenyeji wa sayari ile ni wema mno, na wanapenda kueleza. Dzombo anauliza, wao wanahutubu. Anauliza tena, wanahutubu tena. Nimewahi kuona darasa zima likisinzia baada ya chakula cha mchana katika kurasa hizo, na sikuwa na moyo wa kuwaadhibu. Mhadhiri wa elimujamii alimshika mwandishi mkono wa kalamu. Hata hivyo, jina la sayari halijawahi kumsinzisha mtu. Ligawe tu: *wale ni sisi*. Mwanafunzi anapoligundua hilo mwenyewe, kabla mwalimu hajamwambia, huketi wima.

Na kuna jambo jingine dogo ambalo wahakiki wa bara hawalioni. Jina la shujaa. Sauti ile ya *dz* haimo katika silabi za Kiswahili sanifu tunazowachapisha watoto ubaoni, lakini imo vinywani mwa Wamijikenda tangu asubuhi hadi usiku, na mlima uitwao Dzombo upo Kwale, watu wanalima chini yake. Nilipokuwa nikifundisha riwaya hii Kisauni katika miaka ya 1990, alikuwako kijana aliyekuwa akiandika jina lake la Kidigo kwa herufi ndogo pembeni na lile la dini kwa herufi kubwa. Baada ya sura ya kwanza aliniletea daftari la insha. Jina la Kidigo alikuwa ameliandika juu, katikati, na kulipigia mstari kwa rula.

Baada ya kizuizi Mkangi alirudi kufundisha, kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha USIU huko Nairobi. Aliingia pia katika siasa za wazi. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1997 alisimama kuwania urais kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress. Sisi wa Likoni na pwani ya kusini hatuwezi kuusahau mwaka huo. Mwezi Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, na maelfu ya majirani zetu kutoka bara wakakimbia makwao. Kwamba mtu wa Pwani, mwandishi wa *wale ni sisi*, alikuwa kwenye karatasi ya kura mwaka uo huo, ni jambo ambalo hadi leo sijaliona likiandikwa ipasavyo. Wagombea walikuwa 15. Moi alishinda. Mkangi hakufikisha hata asilimia moja ya kura. Mwingine ambaye hakufikisha ni Wangari Maathai.

Mwaka 2004 Maathai alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Mwaka uo huo Mkangi alifariki dunia katika ajali ya barabarani, umri wake miaka 60.

Niliwasomea wanafunzi wa Kisauni kitu kimoja zaidi kabla kengele haijalia, nacho hakikutoka katika riwaya. Ni Kifungu cha 29 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachosema kwamba mtu hatazuiliwa bila kesi, isipokuwa wakati wa hali ya hatari. Kisha nikawaambia kwamba katika Kamati ya Wataalamu walioiandika rasimu ya Katiba hiyo alikuwemo wakili aitwaye Bobby Mkangi, na kwamba babake ndiye huyu aliye kwenye jalada. Yule kijana wa dirishani alitoa mluzi, mwalimu wake akamkazia macho, mimi nikajifanya sikusikia.

Nakala ya *Mafuta* niliipata mwaka jana kwa muuza vitabu kuukuu wa Mwembe Tayari, chini ya rundo la vitabu vya hesabu. Alitaka shilingi mia tatu, tukaelewana mia mbili. Jalada limechakaa lakini lipo. Ukurasa wa kwanza umekatwa pembe ya juu kwa wembe, mkato ulionyooka, pale ambapo mwenye kitabu huandika jina. Nimeandika langu chini ya mkato. Msichana aliyeuliza swali amekiazima, na ameniahidi kukirudisha shule zikifungwa.